Mboga za Mwezi wa Jalidi

Hapo zamani, huku kwetu juu Ukinga, ambako asubuhi ya mwezi wa saba, jalidi ikigandisha umande, mtu akitema mate yanafika chini yakiwa changarawe, aliishi Bibi Enesia. Alikuwa na kinyungu, yaani bustani ya bondeni, chenye chemchemi isiyokauka. Kila mwanamke aliyepita pale alipunguza mwendo. Waliosimama kabisa kukitolea macho nawajua, lakini leo siwataji.

Kiuno kilipomshinda, Bibi akataka kumwachia kinyungu mmoja wa wakamwana wake watatu. Kukigawa haikuwezekana. Maji yale ni mfereji mmoja, na mfereji wa watu watatu hunywesha ugomvi tu.

Wakati huo binti yake wa mwisho alikuwa anaolewa na watu wa Usangu, watu wa joto na wa maneno. Shangazi wa bwana harusi akatuma salamu kwamba watakuja mwezi wa saba na gunia lao la mboga, kwani wamesikia kuwa huko juu mwezi huo hata viwavi hufunga. Bibi Enesia akajibu, "Waambieni waje na matumbo tu." Kisha akawageukia wakamwana. "Atakayeniwekea mboga mbichi mbele ya watu wale, kinyungu ni chake."

Wakaona hakuna awezaye peke yake. Wakalima pamoja, sifa wataigombea baadaye.

Twilumba, mkubwa wao, hakuanza na jembe. Alizunguka jiko kwa jiko akinywa uji wa watu. Wakasema ni umbea, na kweli ulikuwa umbea, ila wenye kazi. Ile jalidi iliyounguza viazi, fulani alikuwa amejifungua au bado? Na ile nyingine, ilikuja kabla mzee Chaula hajarudishiwa mahari, au baada? Watu husahau tarehe, lakini aibu ya jirani hawaisahau. Akaunganisha vizazi, misiba na talaka, akapata jibu: jalidi huanza kuuma katikati ya mwezi wa sita. Sisi wote hupanda vinyungu mwezi wa nane, baridi ikishaondoka. Yeye akasema kabichi zipandwe mwezi wa tatu, ili baridi izikute na mwili.

Salida, wa pili, akasema, "Lakini si kinyunguni." Wakamcheka mpaka wakakaa chini. Kinyungu kinagombewa, naye anakikimbia! Akawaambia watazame mbuzi: msimu wa baridi hawalali bondeni, hulala begani mwa kilima, kwa sababu baridi hutelemka kama maji ikatuama chini. Wakapanda begani. Maji akayapandisha Salida kichwani kutoka chemchemini, mpaka nywele za utosini zikapukutika.

Zelina, mdogo, alipenda kioo. Nikisema hakulima mtasema namchukia. Basi alilima kidogo. Ila siku ya kuamkia harusi, wageni wameshafika na wenzake wako jikoni, alitoka nje alasiri akaona mbingu imetakata na upepo umekufa, akajua usiku huo jalidi itapanda hata begani. Akawaita, wakamwambia asiwaletee uvivu wake. Akafungua sanduku la zawadi, akachukua vitenge vya mashangazi wa bwana harusi, akachukua mashuka, na blanketi la Bibi Enesia la kuendea kanisani. Akafunika tuta kwa tuta kabla jua halijazama.

Asubuhi bonde lilikuwa jeupe kama limemwagiwa unga. Viazi vya majirani vimelegea, vyeusi kama vimechemshwa. Kule begani vitenge vimekauka kama mbao, na chini yake, kijani.

Wageni wakala. Shangazi akaongeza, akaongeza tena, gunia lake limefungwa vilevile mlangoni. Alipopewa kitenge chake akakigeuza. "Mkwe, mbona kina tope?"

"Mboga unazokula ndizo zilizojifunika usiku," akasema Bibi Enesia. "Kifunge kwa heshima, shangazi."

Akakifunga. Akacheza nacho mpaka jioni, na mlima mzima ukatembea kifua mbele mwaka ule.

Kwetu shamba hukabidhiwa kwa jembe. Bibi alipolitoa, mikono mitatu ilinyooka.

"Mama, bila mimi zingekuwa miche bado," akasema Twilumba. "Jalidi ingezila kabla ya wageni."

"Bila mimi zingekuwa kule chini kwenye weupe," akasema Salida. "Nitazame utosi, mama."

Zelina akawatazama wote wawili. "Dada zangu mliotesha vizuri sana. Mkaziacha uchi."

Bibi Enesia akakaza mkono kwenye mpini, asijue amwachie nani. Na ninyi msinitazame mimi, kwani kwa neno hili sisemeshani na jirani yangu hadi leo. Semeni wenyewe: je, ni nani aliyestahili kinyungu? Aliyejua lini, aliyejua wapi, au aliyeona kuwa ni leo?