Pandu na Kisemi cha Nane

Hapo zamani, wala si zamani za mbali hivyo, kwa maana kompyuta zilikwisha kuwapo, palikuwa na Sultani wa Kizimbwe, jina lake Harubu. Katika mji huo kila kitu kiliendeshwa kwa kompyuta: milango ya maji ya mashambani, mizani za sokoni, hata zamu za wapishi wa jumba. Na kompyuta zote zilitumia mkusanyiko mmoja wa programu, ukiitwa Thabiti, na sheria yake ilikuwa moja: ukishatolewa, haubadilishwi kitu kwa miaka mitatu, ila penye tundu pazibwe. Ndiyo maana watu wa Kizimbwe walilala usingizi.

Mtunzaji wa Thabiti alikuwa Bi Mwanaidi, mjane wa maneno machache, naye alikaa na nduguye Pandu. Huyo Pandu hakuwa na mbele wala nyuma. Shati moja, viatu hana, na chakula chake chote kilitoka jikoni kwa dada. Lakini kichwa alikuwa nacho, tena cha kutosha watu watatu.

Basi ikawa siku moja sultani wa nchi jirani akaja kutembea, na katika kunywa kahawa akajigamba kuwa kwake programu zinaandikwa kwa Kisemi cha nane. Kisemi, ujue, ndiyo lugha ya kuandikia programu, nayo hutoka toleo baada ya toleo, na ndani ya Thabiti kilikuwamo cha saba. Sultani Harubu kahawa ikamkwama. Hakujua cha saba kina nini wala cha nane kina nini. Alijua tu kwamba nane ni zaidi ya saba. Mgeni akaaga, hajafika hata langoni, Bi Mwanaidi akaitwa, na Pandu akaja nyuma yake.

"Bi Mwanaidi," akanena Sultani, "nataka ifikapo Ijumaa Kisemi cha nane kiwemo ndani ya Thabiti, na pasibadilike kitu. Programu moja ikijikwaa, au mtu akiona tofauti, utatoka mjini na nguo uliyovaa. Na kisipokuwemo, utatoka vile vile."

"Bwana wangu," akajibu Bi Mwanaidi kwa adabu, "programu elfu na zaidi huita Kisemi kwa jina ndipo zifanye kazi, na zote zimezoea cha saba. Nikikitoa nikatia cha nane, maji hayatafunguka mashambani. Afadhali tungoje mwakani, litakapotoka toleo jipya la Thabiti."

Waziri Bakathiri, ambaye mpwa wake alikuwa akiimezea mate kazi ile, akadakia: "Mama huyu amechoka, Bwana."

Pandu akapiga goti. "Amri imefika, ewe Sultani. Itatimizwa kama ulivyoinena, neno kwa neno."

Walipofika nyumbani Bi Mwanaidi akalia. Miaka ishirini aliitunza Thabiti, hana mume, hana mtoto, hana mji mwingine. "Pandu, umenimaliza," akasema.

"Sikukumaliza, dada. Bwana amesema kiingie. Nani amesema kingine kitoke? Mgeni akija hapa, hunitoi mimi kitandani."

"Wewe ningekutoa hata bila mgeni," akasema Bi Mwanaidi, akajifuta machozi, akakaa kwenye mashine.

Basi wakakijengea Kisemi cha nane chumba chake, na maktaba zake za vipande vya programu mbali, wakakipa jina lake: kisemi-nane. Jina la Kisemi, peke yake, wakaliacha kwa cha saba. Kisha Bi Mwanaidi akazijaribu programu zote, moja baada ya moja, siku tatu nzima, na kila iliyoita Kisemi ikaitikiwa na kile kile ilichokizoea.

Ijumaa baraza likajaa. Waziri Bakathiri akasimama, uso umemnawiri. "Bwana, umedanganywa. Tangu asubuhi tumekagua, mimi na makarani sita. Nimeita Kisemi, kikaitika cha saba. Maji yamefunguka kama jana. Hawa hawakufanya lolote."

"Labda Bwana Waziri amekagua juu juu," akasema Pandu kwa unyonge.

"Nimekagua programu zote."

"Huenda kipo kidogo kilichobadilika, ukapitiwa."

"Sipitiwi mimi. Hakijabadilika hata nukta."

"Basi naomba uandike hivyo, utie sahihi, tusipate la kujitetea."

Waziri akaandika haraka, akatia sahihi na tarehe. Pandu akaichukua ile karatasi kwa mikono miwili, akampelekea Sultani.

"Bwana wangu, uliagiza pasibadilike kitu, wala mtu asione tofauti. Ushahidi huo hapo, na aliyeutoa hatupendi. Sasa andika mwenyewe kwenye mashine yako: kisemi-nane."

Sultani akaandika, kidole kimoja kimoja. Kioo kikajibu: Kisemi cha nane, tayari.

"Sasa nimeiona tofauti," Waziri akapaza sauti.

"Sahihi yako inasema hukuiona," akasema Sultani, na Waziri akakaa chini. Kisha Sultani akamgeukia Pandu. "Lakini mbona hakuna programu inayokitumia?"

"Hilo hukuagiza, Bwana. Anayekitaka atakiita kwa jina lake. Asiyekitaka hasumbuliwi."

Sultani akacheka mpaka kilemba kikamlegea. Akasema, "Bi Mwanaidi, kazi ni yako maisha yako yote. Nawe Pandu, omba utakalo mbele ya watu hawa, nami nitalitimiza."

Bi Mwanaidi akamfinya nduguye, aombe viatu jamani. Pandu akainama.

"Naomba, Bwana wangu, amri yoyote utakayotoa tena juu ya Thabiti, uiandike kwa mkono wako mwenyewe, kwa Kisemi cha nane."

Baraza zima likamsikia, na Sultani alikwisha kuahidi. Akatawala miaka kumi na tisa baada ya hapo, na Bi Mwanaidi hakupokea amri hata moja.