Siku ya Poromoko Ilipofika Bondeni

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba zenye milango na majirani wa kuazimana chumvi, kulikuwa na nchi iliyoitwa Bondeni. Wakazi wake walikuwa na sikukuu moja kubwa, sikukuu ya mavuno. Siku hiyo kila nyumba ilipika, na kila aliyepika alimpelekea jirani. Unatoka na bakuli la kunde, unarudi na bakuli la maboga. Wakishashiba walilala mchana kutwa, na sikukuu ndiyo imekwisha.

Katika nchi hiyo aliishi Kifaru. Alikuwa mkubwa na mwenye nguvu, lakini macho yake hayakuona mbali, na moyo wake ulikuwa laini kuliko ngozi yake. Mkewe, Bi Mosi, alikuwa amekufa, akamwachia binti mmoja, Sikudhani. Sasa Sikudhani alikuwa amechumbiwa na kijana kifaru wa nchi ya Mlimani, na arusi ilipangwa wiki moja baada ya sikukuu.

Kifaru alikosa usingizi kwa ajili ya arusi hiyo. Kila mara alijiuliza mama mtu angefanya nini kama angekuwepo, na kila mara hakupata jibu.

Ndipo akaja Nguchiro.

Nguchiro alitoka Ng'ambo, nchi iliyo upande wa pili wa mto. Mwili mdogo, macho mekundu, miguu haitulii. Alifunga chelezo chake ukingoni, akajenga ua mrefu wa matete, kisha akapita nyumba kwa nyumba.

"Hodi hapa."

"Karibu," alijibu Kifaru.

"Shikamoo, mzee. Nimesikia una arusi. Hongera."

"Marahaba. Ahsante, kijana. Keti."

Nguchiro hakuketi. Alizunguka ndani, akitazama vyombo, na kila alipotazama alitikisa kichwa polepole, kama mganga aliyeona ugonjwa asiotaka kuutaja.

"Kuna nini?" aliuliza Kifaru.

"Hapana, mzee. Kila nchi na mila zake. Ila kwetu Ng'ambo bibi arusi hatolewi na vyombo vikuukuu. Wageni watasema, masikini, hana mama, hakuna aliyemwangalia."

Maneno hayo yakamchoma Kifaru mahali ambapo pembe haiwezi kulinda.

"Sasa nifanye nini?"

"Utafanya wanavyofanya wenzetu wote waliostaarabika. Kila mwaka, asubuhi ya sikukuu, kwetu kuna Siku ya Poromoko. Siku hiyo bei zinaporomoka, poromo, poromo, kama mawe ya mlimani. Leo sinia zuri nauza madebe manane ya mtama. Siku ya Poromoko, madebe manne. Lakini ni asubuhi moja tu, na masinia yenyewe ni matatu. Atakayechelewa asinilaumu."

"Na hivi vya zamani?"

"Nipe mimi nikakutupie. Sitakutoza kitu. Ni msaada tu."

Kifaru akatazama ukutani. Pale lilitundikwa sinia la shaba la Bi Mosi, jeusi kwa moshi wa miaka. Sikudhani alikuwa amesimama mlangoni, na ungo mkononi.

"Baba," alisema, "mimi nalipenda lile."

"Unalipenda kwa sababu hujaona jipya, mwanangu."

Sikudhani hakubisha. Aliweka ungo chini, akatoka kwenda shambani, akapalilia kipande cha shamba kilichokuwa kimeshapaliliwa. Nguchiro akalishusha sinia, akalifunga kwenye gunia, akaaga kwa adabu.

Hivyo ndivyo alivyopita nchi nzima. Kwa Nyati alichukua kinu. Kwa Tembo alichukua mtungi. Kwa Bi Kanga, jirani yake Kifaru, alichukua chungu cha kupikia. Bi Kanga alikuwa shoga mkubwa wa marehemu Bi Mosi, na ndiye aliyetegemewa kuongoza nyimbo za arusi, kwa maana hapakuwa na sauti kama yake Bondeni yote.

Siku zikapita. Nyuma ya ua wa matete zikasikika sauti za kusugua, kwaruu, kwaruu, na harufu ya chokaa. Watu wakaanza kuulizana njiani.

"Wewe utachukua nini?"

"Sijui. Chochote kitakachoporomoka."

Nyati, ambaye hakuwa na haja ya kinu kipya wiki moja kabla, sasa alikuwa anakiota. Tembo alisema atachukua mitungi miwili, mmoja wa nini hakujua. Hakuna aliyezungumzia kunde wala maboga. Kifaru naye alifungua ghala, akatoa madebe manne ya mtama kati ya matano aliyoyaweka kwa ajili ya chakula cha wageni. Alijiambia kwamba wageni watatazama sinia, hawatatazama tumbo. Alijiambia hivyo mara nyingi, na bado halikukaa vizuri moyoni.

Asubuhi ya sikukuu hakuna jiko lililowashwa. Jua lilipochomoza, Bondeni yote ilikuwa imebanana mbele ya lango la ua, kila mmoja na magunia yake, na lango lenyewe lilikuwa jembamba. Kwa ndani Nguchiro alikuwa anapiga debe tupu: ta, ta, ta.

"Masinia matatu tu. Vinu viwili tu. Nitafungua nikimaliza kuhesabu kumi."

Waliokuwa nyuma wakasukuma. Waliokuwa mbele wakasukuma nyuma. Nyati akamwambia Tembo asimkanyage. Tembo akajibu kwamba kila mtu aangalie miguu yake mwenyewe. Hawa walikuwa wamekula bakuli moja mwaka jana.

Kifaru hakuona vizuri, aliona migongo tu na vumbi. Katikati ya kelele alisikia sauti moja nyembamba karibu na lango, ikisema, "Ngojeni. Ngojeni kwanza." Akadhani ni mtu anayetaka wenzake wangoje ili yeye awahi.

"Kumi," alisema Nguchiro, na lango likafunguka.

Puuu. Watu wakamwagika kama maji ya bwawa lililopasuka. Kifaru aliinamisha pembe akaenda. Mbele ya lango kitu kilivunjika chini ya mguu wake, kacha, kama ukuni mkavu. Alikisikia. Wanangu, msije mkaambiwa hakusikia. Lakini alifikiri, nikisimama sasa masinia yatakwisha, na akapita.

Alilipata. Sinia jeupe lenye maua mekundu, la mwisho kati ya matatu. Akamwaga mtama wake kwenye magunia ya Nguchiro, akalikumbatia sinia kifuani, akarudi nyumbani akihema na kucheka peke yake.

"Sikudhani, mwanangu, njoo uone."

Sikudhani alilipokea kwa mikono miwili. Akalitazama juu, akalitazama chini. Vidole vyake vikabaki vyeupe. Akalikwaruza kidogo kwa kucha, na chini ya chokaa kukatokea shaba. Alichukua ndimu na majivu, akaketi kizingitini, akasugua. Kifaru alisimama juu yake, hajui kama amkataze au amsaidie. Ua moja jekundu likatoka, kisha la pili, na ukingoni ukaonekana mbonyeo mdogo, mahali Bi Mosi alipozoea kupigia alipokuwa akiimba.

"Baba, hili ni sinia la mama."

Kifaru alijikuta ameketi chini.

"Umelinunua sinia la mama," alisema Sikudhani, wala hakuwa na hasira. Alikuwa analishika kama mtu anayemshika ndugu aliyerudi safari. Kisha akatazama chini.

"Baba, hicho kilichoganda mguuni mwako ni nini?"

Ulikuwa unyoya mweusi wenye madoadoa meupe.

Kifaru akakumbuka ule mlio. Akainuka. Hakukumbuka mtama, hakumkumbuka Nguchiro. Alikimbia njia ile ile aliyokuja nayo, na sasa kila mtu, aliyekwisha kuona kilicho chini ya chokaa, alikuwa anakimbia huko huko: Nyati amebeba kinu chake mwenyewe, anatukana, Tembo na mitungi miwili, wake na wa jirani. Wote walikwenda mtoni. Kifaru peke yake alisimama langoni.

Bi Kanga alikuwa ameegemea matete, mguu mmoja umepinda, mabawa yamejaa vumbi.

"Shemeji," alisema, "umechelewa. Vimekwisha."

"Ni mimi niliyekukanyaga."

"Najua. Nyayo zako nazijua tangu siku uliyokuja kumposa Mosi."

Pembe ilimlemea Kifaru kichwani kama ya kuazima.

"Nilichungulia juu ya ua alfajiri," Bi Kanga aliendelea. "Nikaona chungu changu kinapakwa rangi. Nikaona sinia la Mosi. Nikaja hapa kuwaambia ngojeni, ngojeni kwanza, ni vyetu hivi. Unajua sauti yangu ilivyo. Arusini inasikika vilima vitatu."

"Nilikusikia," alisema Kifaru. "Nilidhani unataka kutangulia."

Bi Kanga akakung'uta vumbi mabawani. "Basi nibebe," alisema. "Kulia tutalia nyumbani."

Akamweka mgongoni taratibu. Kutoka hapo waliuona mto. Ulikuwa umejaa, hata Tembo hakuthubutu kuingia. Katikati, chelezo kilikuwa kinakwenda, kimezama nusu kwa uzito wa magunia, na juu ya magunia ameketi Nguchiro.

Nyati alikuwa anamwita mwizi. Nguchiro akajibu kutoka majini, polepole, bila kejeli.

"Nimeiba nini? Vyombo mlinipa wenyewe. Nilisema sinia, si sinia lile? Nilisema madebe manne, si manne? Na yule aliyevunjwa mguu, mimi na miguu hii ningemvunja vipi?"

Kifaru akasogea ukingoni, Bi Kanga mgongoni.

"Kwa nini sisi?" aliuliza. "Tumekukosea nini?"

Nguchiro akaacha kupiga kasia. Maji yakawa yanamchukua yenyewe.

"Hamkunikosea, mzee. Mwaka juzi ilikuja Poromoko kwetu. Aliileta mtu wa mbali zaidi, sijui naye aliitoa wapi. Nilisimama langoni tangu alfajiri. Niliuma watu. Nikapata jamvi zuri, nikalipeleka nyumbani, watoto wakalikojolea, rangi ikatoka. Lilikuwa jamvi la mama yangu." Akatazama magunia. "Tulimaliza chakula chote siku ile. Wanangu wana njaa. Mngefanyaje ninyi?"

"Tungekuja kuomba," alisema Bi Kanga. "Sikukuu ya huku ni ya kupelekeana bakuli. Ungekuja mkono mtupu ungerudi umebeba."

Nguchiro aliutazama ukingo ule kana kwamba ndiyo kwanza anauona. Kisha akashika kasia tena, kwa maana mto haumngojei mtu, akapotea nyuma ya matete.

Bondeni walikaa na aibu siku nyingi. Kila mtu alirudisha vya mwenzake alivyovibeba, na kila mtu alipofika mlango wa jirani alisimama nje zaidi ya kawaida kabla ya kubisha hodi.

Kifaru alimtibu Bi Kanga. Alimfunga mguu kwa vijiti, akamchotea maji, akamsongea ugali mbaya ambao Bi Kanga aliula bila kusifu. Sikudhani alisema arusi haifanyiki bila Bi Kanga kusimama, na baba yake akakubali. Basi ikabidi mtu aende Mlimani kuwaambia wakwe arusi inasogezwa mbele. Kifaru alikwenda mwenyewe, mwendo wa siku mbili.

Alipofika aliwakuta wakwe wamejaa uani. Mbele ya mlango mama wa bwana arusi alikuwa anapanga vyombo: vyungu, mbuzi ya kukunia nazi, kigoda cha miguu mitatu.

"Karibu, mkwe," alisema. "Utuwie radhi kwa fujo. Tunatoa vya zamani. Kuna mfanyabiashara anakuja, wanasema ana siku yake bei zinaporomoka."

Kifaru akaomba maji, akanywa, akawasimulia. Alisimulia kila kitu: maneno ya Nguchiro, chokaa, sinia la mkewe. Angeweza kuiruka ile sehemu ya langoni, kwa maana hakuna aliyekuwepo. Hakuiruka. Aliwaambia alisikia mfupa ukivunjika na hakusimama.

Mama wa bwana arusi alimsikiliza huku amekishika kigoda. Simulizi lilipokwisha alikibeba akakirudisha ndani. Akaja akachukua chungu. Kisha kingine. Mara ya tatu alipopita karibu na Kifaru alimgusa bega.

Majirani waliokuwa uani nao walisikitika, wakasema pole, mkwe, pole sana. Kisha mmoja akakohoa, akasogea karibu.

"Hilo sinia, mzee, ulisema madebe mangapi?"

"Manne," alijibu Kifaru.

Wakatazamana.

"Manne si mabaya," alisema yule jirani, na wawili watatu wakaanza kuondoka, mmoja mmoja, kwenda kutazama maghala yao.

Wanangu, anayekuharakisha ununue hataki upate nafasi ya kutazama unachonunua wala unayemkanyaga.