Minazi Aliyoishuka Mwaringa

Mbacha ni mkeka uliochakaa: kingo zimenyofoka, rangi imefifia, na katikati pana tundu la kutosha kupitisha goti. Msala ni mkeka wa kuswalia, safi, wenye nakshi, nao una mwenyewe. Wazee wa Pwani wamekuwa wakituasa tangu zamani tusiache mbacha wetu kwa msala upitao. Wanamsema mtu mwenye kijicho, anayekitupa kibovu chake kilichomlaza miaka yote kwa kutamani kizuri cha mwenzake, kisha kizuri kikapita zake na yeye akalala chini. Mtu wa namna hiyo alikuwapo kijijini Tezo, na alikuwa bingwa wa ndondi.

Jina lake Mwaringa, na kazi yake ugema. Alfajiri na jioni alikuwa juu ya minazi ya Mama Damaris, mjane mwenye shamba kando ya barabara iendayo Malindi, akikata ncha ya panda, kikonyo cha maua ya mnazi, ili tembo lidondoke kibuyuni. Panda la mnazi lina wivu wake. Lisipokatwa asubuhi na jioni hununa likakauka, na mnazi ukaacha kutoa tembo. Ndiyo maana desturi ya huko ni moja: mnazi ni wa mwenye shamba, lakini mgema anayeupanda kila siku hapana wa kumshusha. Akiuacha ukakauka, amejishusha mwenyewe, na mwenye shamba ana haki ya kumpa mwingine.

Kupanda na kushuka huko kulimpa Mwaringa miguu isiyojua kuchoka. Kulimpa alama pia. Kifuani na mikononi upande wa ndani alikuwa na michubuko iliyoota sugu, mistari kwa mistari, kwa kukumbatia magome miaka nenda miaka rudi.

Mkufunzi wake alikuwa dada yake, Kahaso, aliyepigana ndondi ujanani hadi kiwiko chake kilipoharibika. Ukumbi wao wa mazoezi ulikuwa uani, nyuma ya jiko. Gunia lililoshindiliwa makumbi ya nazi lilining'inia kwenye tawi la mkorosho, na Kahaso alilishikilia kwa bega huku akimtukana ndugu yake kwa mapenzi.

"Piga, we! Waogopa nini? Makumbi hayana mjomba wa kuja kukushitaki!"

Kwa gunia hilo na kwa minazi ile, Mwaringa alipanda ulingoni Malindi kupigania ubingwa wa Pwani. Mpinzani wake alikuwa Thuku, kijana wa Mnarani ambaye wazazi wake walihamia kutoka bara kabla hajazaliwa. Thuku alikuwa na ngumi nyepesi kama ulimi wa mchongezi. Raundi za mwanzo alimchezesha Mwaringa alivyotaka, watu wakacheka. Kisha miguu ya Thuku ikakataa. Mwaringa alikuwa bado anarukaruka kana kwamba ndiyo kwanza kengele imelia, naye akammaliza kwa pointi za raundi za mwisho. Mkanda ukafungwa kiunoni mwa mgema wa Tezo.

Hadithi ingeishia hapo kama binadamu angekuwa na shukrani.

Lakini Thuku alikuwa na meneja, bwana mmoja aitwaye Dedan, mwenye ukumbi wa mazoezi kule Kikambala karibu na mahoteli ya ufuoni. Dedan alijua kuuza sura. Hata baada ya kushindwa, picha ya Thuku ilibaki kando ya barabara kuu, kubwa kuliko nyumba, amevaa joho jekundu la bondia lenye ukosi wa dhahabu. Kila Mwaringa alipokwenda mjini aliiona. Kila alipoiona roho ilimuuma.

Siku moja, sokoni Kilifi, mwanamke mmoja muuza viazi karai alimkazia macho.

"Wewe nakujua," alisema. "Si wewe yule uliyepigana na Thuku?"

"Niliyempiga," Mwaringa alimsahihisha.

"Ehe, huyohuyo! Hebu nambie kaka, Thuku yu mzuri vile kweli, ama ni picha tu?"

Mwaringa aliviacha viazi vyake vikipoa mezani. Tangu siku hiyo wivu ulimwingia kama mchwa kwenye boriti. Mkanda aliuning'iniza ukutani, lakini kila alipoutazama aliliona lile joho. Alianza kuliona gunia la makumbi kuwa takataka. Alianza kujinusa, akaona ananuka tembo.

"Picha haimpigi mtu, Mwaringa," Kahaso alimwambia. "Uliyempiga ni yeye mwenyewe, nyama na mifupa."

"Watu hawalijui hilo, dada. Mimi bingwa, yeye ndiye anayetajwa. Kwa sababu gani? Kwa sababu nimefundishwa chini ya mkorosho, na mwanamke mwenye kiwiko kibovu!"

Neno likishatoka halirudi. Kahaso alilipangusa gunia vumbi kwa upindo wa leso yake, akaingia jikoni.

Pambano la marudiano lilipotangazwa, gari jeupe liliingia uani. Dedan akashuka, viatu vikimeta, akaangalia huku na huku kama mtu anayetafuta mahali pasipo na kinyesi cha kuku.

"Bingwa hakai mahali kama hapa," alisema. "Njoo Kikambala nikutengeneze."

"Na Thuku?" Mwaringa aliuliza.

"Thuku nimemwacha. Aliyeshindwa namfanyia nini?"

"Na lile joho?"

Dedan alicheka. "Joho litakuwa lako."

Basi moyo wa Mwaringa ukaruka kwa furaha. Hakuuliza atafundishwa na nani wala vipi. Wala hakujiuliza, mtu aliyemwacha Thuku jana kwa kushindwa, kesho atamfanyia nani vivyo hivyo. Wivu una macho makubwa, lakini huona kitu kimoja tu kwa wakati mmoja.

Alipokuwa akifunga mzigo wake, Kahaso alisimama mlangoni.

"Kwenda nenda," alisema. "Ila kwa Mama Damaris upite, umuage. Minazi ile haikukosea chochote."

"Nitampigia simu."

Hakumpigia. Minazi ikakaa asubuhi bila mtu, ikakaa jioni bila mtu, mapanda yakanuna, yakakauka.

Kule Kikambala, Mwaringa alilivaa joho la Thuku tangu siku ya kwanza. Lilimzidi kidogo mabegani, naye akajiambia kuwa litamkaa vizuri akinenepa. Mazoezi yalikuwapo, lakini nusu yake ilikuwa ya kupigwa picha. Alikimbia juu ya mashine ndani ya chumba chenye kiyoyozi. Alikandwa mafuta kila jioni, na ngozi yake ikawa laini hata sugu za kifuani zikafutika. Alipojitazama kwenye kioo alifurahi kuona hana tena alama ya ugema. Kisha alikuwa akichukua simu na kutafuta kama bado kuna watu wanaomsifu Thuku. Walikuwapo, naye alilala na donge rohoni.

Binamu yake, Lewa, alikuja kumjulia hali.

"Kwenu kuna vituko," Lewa alisema huku akicheka. "Mama Damaris kapata mgema mpya, mtu wa bara! Alivyoanza, alikuwa akiung'ang'ania mnazi kama mtoto aliyeachishwa ziwa. Watoto walikuja kumcheka. Kaanguka, kainuka, kapanda tena. Sasa apanda bwana, na asubuhi na jioni hakosi."

"Mtu wa bara na mnazi wapi na wapi!" Mwaringa aliangua kicheko. "Akivunjika shingo mtanialika matangani."

"Lakini hujaniuliza ni nani."

"Wagema nishaachana nao, Lewa. Sina haja ya majina yao."

Lewa alimtazama, akamaliza soda yake, akaaga.

Siku ya marudiano, uwanja wa Kilifi ulijaa pomoni. Watu walitoka Malindi, Mtwapa na Mariakani, na wengine walikaa juu ya ukuta. Mwaringa aliingia na joho jekundu, muziki ukimtangulia. Alitarajia jina lake litikise uwanja. Likatajwa, ndiyo, lakini lililotikisa uwanja lilikuwa la Thuku, aliyeingia na taulo tupu mabegani. Mwaringa akasaga meno. Hata joho nimemvua, aliwaza, na bado wanampenda!

Kwa hasira hiyo alianza pambano. Alirusha makonde mazito mfululizo, akitaka kumwangusha mbele ya macho ya wote waliomshangilia. Thuku alirudi nyuma, akainama, akazunguka, akangoja. Kwa raundi kadhaa ilionekana Mwaringa anashinda. Alipokaa kwenye kona kupumzika, Dedan alimpiga begani akasema, "Safi, picha zitakuwa nzuri."

Ngoja ngoja, pumzi ikaanza kuwa haba. Mwaringa alisubiri kwa hamu miguu ya Thuku ichoke kama ilivyochoka Malindi. Hilo ndilo lilikuwa tegemeo lake. Raundi ikapita, na nyingine ikapita, naye Thuku alikuwa akirukaruka kana kwamba ndiyo kwanza kengele imelia. Miguu iliyoanza kutetemeka ilikuwa ya Mwaringa mwenyewe.

Alimkumbatia Thuku ili apate kuvuta pumzi. Hapo kifua chake laini kikakwaruzwa na kitu kigumu kama gome. Mwaringa aliangalia chini. Kifuani mwa Thuku, na mikononi upande wa ndani, palikuwa na michubuko iliyoota sugu, mistari kwa mistari. Hakuhitaji kuambiwa ni ya nini. Aliijua kama anavyolijua jina lake.

Mgema mpya wa Mama Damaris. Mtu wa bara.

Refa aliwaachanisha. Kutoka kwenye viti vya watazamaji ikaja sauti aliyoizoea tangu utotoni, sauti ya dada yake: "Zunguka kushoto, Mwaringa! Kushoto!" Alimsikia vizuri. Miguu ndiyo haikumsikia. Konde la Thuku likatua kidevuni, na bingwa wa Pwani akalala chali akiyatazama mataa huku refa akihesabu mpaka mwisho.

Alipoketishwa kitini kwenye kona, alimwona Dedan anakuja, akadhani anakuja kumpa pole. Dedan aliliokota joho lililokuwa limetundikwa kwenye kamba.

"Bingwa anasubiriwa apigwe picha," alisema bila kumtazama, akaondoka nalo kuelekea upande wa pili.

Mwaringa alibaki kifua wazi, jasho likimkauka. Kisha leso ikamshukia mabegani. Alikuwa Kahaso.

"Ulimfundisha wewe?" alimuuliza dada yake, sauti ikikwaruza.

"Nimfundishe mtu aje akuvunje mbavu? Alikuja kwangu nikamfukuza na ufagio. Akaenda kwa Mama Damaris, akaiomba minazi uliyoiacha ikakauka. Akapewa. Mimi nilikuwa nikimwona tu kutoka uani, asubuhi yuko juu, jioni yuko juu." Kahaso alimfunga leso vizuri. "Nilimwonea wivu, Mwaringa. Nilikuwa nikisema, hapo pangekuwa na ndugu yangu."

Mwaringa aliinamisha kichwa akalia mbele za watu, naye hakujali.

Uvimbe ulipompungua usoni, alichukua kisu chake cha kugemea, akakinoa, akaenda kwa Mama Damaris jua likichomoza. Mama alikuwa kizingitini akipepeta mchele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Pole."

"Nimekuja kupanda."

Mama Damaris aliuweka ungo chini. "Hukuniaga," alisema polepole. "Ungeniaga ningekuwekea. Sasa mnazi una mtu, nami simshushi mtu asiyekosa. Hajakosa hata siku moja. Hata jana na ubingwa wake kaja."

Mwaringa alitazama juu. Thuku alikuwa kileleni, miguu imekumbatia shina, kisu mkononi. Alipomwona, aliacha kukata.

"Mwaringa! Usinichukie, ndugu yangu," aliita. "Siku ile Malindi sikulala. Kila mtu aliniambia mkanda nitaupata siku nyingine. Mimi nilikuwa nikiitamani miguu yako tu, nikauliza wanakofundishia miguu kama hiyo. Nikaambiwa ni hapa, na kwamba pako wazi."

Mwaringa alikichomeka kisu chake kiunoni.

"Hebu nipokelee hiki," Thuku alisema, na kibuyu kilichojaa kikaanza kuteremka taratibu kwa kamba.

Mwaringa aliinua mikono yake laini akakipokea. Povu la tembo lilimwagikia vidoleni, likanukia harufu ile aliyoikimbia. Wivu ukamuuma tena, na safari hii ulimuuma kuliko siku ya picha, kwa sababu alichokuwa akikitamani kilikuwa chake. Kahaso alikuwa bado na gunia la makumbi uani, na alikwisha kumwambia aje. Lakini minazi ile, iliyomfanya bingwa, angeitazama kutoka chini tu.

Mama Damaris alimpokea kibuyu, akamtazama kwa huruma, akamwambia neno ambalo hata sisi hatuna la kuongeza juu yake: "Si tulikwambia, baba, usiache mbachao kwa msala upitao?"