Mwalimu wa Kwenye Simu

Kwa kila mwenye mtoto shuleni na kila mwenye chaki mkononi: isome hii mpaka mwisho, kisha mpe na mwenzako.

Katika mji mdogo mmoja wa mkoa wa Tanga palikuwa na mwalimu wa hisabati aliyeitwa Semboja. Alikuwa mchapakazi na mtu wa haki, lakini kitu kimoja hakukiamini hata kidogo: video za mtandaoni. Yeye mwenyewe alitembea na simu ya kitochi. Akiulizwa kwa nini hanunui nyingine, hujibu kwamba simu ni ya kupiga na kupokea, na anayetaka kusoma ashike kitabu.

Hakuzichukia bure. Mwaka uliotangulia, kijana mmoja mwenye miwani ya jua alitokea kwenye video akidai anayo njia ya mkato ya kujumlisha sehemu: ya juu jumlisha na ya juu, ya chini na ya chini, umemaliza. Wiki hiyo nusu ya darasa waliandika kwamba nusu ukiongeza theluthi unapata mbili ya tano.

"Nusu peke yake inaishinda hiyo mbili ya tano," aliwaambia. "Sasa huyo mwenye miwani amewaongezea au amewaibia?"

Watoto walicheka. Yeye hakucheka. Tangu siku ile alipiga marufuku hata neno video kutajwa darasani mwake.

Ukaja mtihani wa majaribio wa darasa la saba. Swali la tisa lilikuwa la sehemu, na kila mwaka swali hilo liliwaangusha watoto kama maembe mabichi siku ya upepo. Mwaka huu, kati ya watoto tisini na wanne, sitini na mmoja walilipata. Mwalimu Semboja alifurahi mpaka karatasi ya tano. Hapo akaona kitu. Pembeni mwa kila jibu sahihi palikuwa na mchoro mdogo, mstatili uliokatwakatwa kwa mistari, kama dirisha lenye nondo.

Mchoro huo hakuwafundisha yeye. Yeye aliwafundisha kutafuta kigawe kidogo cha shirika, na hakuna dirisha katika kanuni hiyo. Aliweka kalamu chini. Watoto sitini na mmoja hawawezi kuota ndoto moja. Mtihani umevuja, akajiambia, na hii ndiyo alama yao.

Aliuliza huku na huku nani alianza kuchora dirisha. Kila mmoja alimtaja mwenzake, na minong'ono yote ikaishia kwa Mwantumu, binti mpole ambaye mama yake huuza kashata sokoni. Hilo likamtia shaka zaidi. Mwaka jana Mwantumu alivunjika mguu akakosa shule wiki saba, tena wiki zenyewe ndizo za sehemu. Aliyekosa somo amewezaje kuwashinda waliokuwepo?

Alimwita ofisini. "Nani alikufundisha?"

Mwantumu aliinamisha uso. Akasema, "Ni video, Mwalimu."

"Ya nani?"

Hapo mtoto akamtazama kwa namna ya ajabu, kama aliyeulizwa jina na mtu anayemjua, kisha akainama tena.

Mwalimu Semboja alimpa hesabu mpya papo hapo: robo jumlisha theluthi mbili. Mwantumu akachora dirisha lake, safu tatu kwa nne, akahesabu vyumba, akaandika kumi na moja ya kumi na mbili. Lilikuwa sahihi. Angekosa, mwalimu angesema ameiba. Alipopata, akasema moyoni kwamba huyu ameiba kweli kweli, mpaka na maswali ya akiba.

"Na huyo wa kwenye video ana nini ambacho mimi sina?" aliuliza, na mwenyewe akashangaa kusikia sauti yake imekwaruza.

Mwantumu alijibu polepole, bila ujeuri. "Darasani tuko wengi, Mwalimu. Ukiuliza mara ya pili unaambiwa 'nimeshasema'. Yule ukimrudisha nyuma hakasiriki."

Neno hilo lilimchoma, na mtu aliyechomwa huandika haraka. Siku hiyohiyo aliandika barua kwa kamati ya shule: mwanafunzi Mwantumu ameiba mtihani na kuugawa, afikishwe mbele ya kamati siku ya Ijumaa. Alijua uzito wa alichoandika. Kamati ikishamwita mtoto mwizi wa mtihani, jina hilo humfuata kila shule aendako.

Ijumaa ikafika. Kamati ilikaa katika chumba cha walimu, mwenyekiti akiwa Mzee Shemweta, fundi seremala mstaafu anayependa utani. Mwalimu Semboja alisoma barua yake na kuonyesha zile karatasi zenye madirisha. Mwantumu alisimama ukutani. Mama yake alipoulizwa ana la kusema, alifungua pindo la kanga akatoa simu yenye kioo kilichopasuka.

"Naomba kamati itazame kwanza," alisema. "Halafu semeni mtakalosema."

Simu ikaegemezwa kwenye chupa ya chai na watu wakasogeza viti. Mwalimu Semboja alikaa mbele kabisa, macho makali, kama mtu anayechagua mawe kwenye mchele.

Haukuonekana uso wa mtu. Ilionekana sinia ya kashata ingali na mvuke, na mikono miwili yenye kisu. Sauti ya mwanamume ikasema: tunataka nusu ya sinia, tena tunataka theluthi. Hatuwezi kuzijumlisha kwa sababu vipande havilingani. Basi tukate vinavyolingana. Kisu kikapita mara moja kwa urefu, mara mbili kwa upana. Vipande sita. Nusu ni vitatu, theluthi ni viwili. Jumla?

Sauti ya mtoto ikasema hajaelewa.

"Haya, turudi mwanzo," ikajibu ile sauti. Ikaeleza tena. Mtoto hakuelewa. Ikaeleza mara ya tatu, taratibu vilevile, na kuongeza: "Usione haya, mwanangu. Jambo lisipoingia mara moja, kosa si la kichwa chako."

Video ilipokwisha, Mwalimu Semboja alikuwa hajapata hata jiwe moja. Alikohoa.

"Anaijua kazi yake, sikatai," alisema. "Lakini simwamini mtu anayeficha uso. Ni nani huyu?"

Wajumbe wakatazamana. Mama mmoja akaziba mdomo kwa mtandio.

"Unatania, Semboja?" akauliza Mzee Shemweta.

"Sitanii, Mwenyekiti. Ajulikane ni nani."

"Ndugu yangu," mzee akasema, na safari hii hakukuwa na utani katika sauti yake, "sisi wote tumemjua alipotamka neno la kwanza. Itazame ile saa."

Simu ikarudishwa nyuma. Mkono ulioshika kisu ulikuwa na saa iliyokatika mkanda, ikafungwa kwa uzi wa buluu. Mwalimu Semboja aliutazama mkono ule, kisha akautazama wake juu ya meza. Uzi ulikuwa uleule. Hakuwahi kuisikia sauti yake ikitoka kwenye rekodi, nje ya kichwa chake.

"Utusamehe, Mwalimu," mama yake Mwantumu alisema. "Ulipokuja kumwangalia mguu mwaka jana, ukamfundisha sehemu kwa sinia yangu ya kashata, nilirekodi kimyakimya. Mimi niliishia darasa la nne. Nilijua ukishaondoka akisahau, sitaweza kumsaidia. Binamu yake akaiweka mtandaoni, watoto wakaanza kupeana. Tuliogopa kukuambia, maana umekataza."

Mwalimu Semboja aliichukua barua yake mezani, akaikunja mara mbili na kuitia mfukoni. Kisha akasimama mbele ya Mwantumu, mbele ya kamati yote.

"Hukuiba," alisema. "Mimi ndiye niliyekupa, nikasahau."

Jumatatu darasani mkono mmoja ulinyooka kwa mara ya pili juu ya swali lilelile. Mwalimu alifungua kinywa, akakifumba. Akafuta ubao.

"Haya," alisema, "turudi mwanzo."

Funzo: Simu humbeba mwenye miwani na humbeba mwalimu mwema vilevile, basi itazame video mpaka mwisho kabla hujaisifu au kuilaani, na wewe unayefundisha, mpe mtoto aliye mbele yako subira ileile anayokwenda kuitafuta kwenye simu.