Zimwi Lililoomba Kofi

Sogeeni karibu. Mwenye kukohoa akohoe sasa, njiani sitasimama.

Palikuwa na zimwi lililokalia njia ya kisima, watu wakawa wanafuata maji mwendo wa nusu siku. Wanaume walilipiga mashoka, na kila pigo likalinenepesha, mpaka likaziba jua. Ndipo bibi wa msichana aitwaye Mwanamvua alipotandika jamvi mbele ya zimwi, akaketi anasuka ukili, asiinue hata kijiti. Zimwi likaanza kwisha kama sabuni, kidogo kidogo. Bibi alipokufa akaketi binti yake. Binti alipokufa akaketi Mwanamvua.

Mwanamvua hakutulia. Miguu ilimwasha, mikono ilimwasha. "Vizazi vitatu tumekaa kitako," alinung'unika, "na lenyewe lipo." Siku hiyo akaja na shoka ndani ya kanga.

"Nipige, mwanangu," likasema zimwi.

Akashika mpini.

"Nipige. Mama yako alikuwa mwoga."

Akasimama, shoka juu.

"Nipige japo kofi moja, mwanangu. Nakufa njaa."

Mkono ukamganda hewani. Akalitazama vizuri: zimwi lililoziba jua lilikuwa kimo cha kinu, mbavu zinahesabika.

Akaliweka shoka chini ya jamvi, akalikalia. Lilimuumiza, naye hakuinuka.

Mwaka uliofuata njia ilifunguka, akachota maji kisimani. Zimwi halikufa, ndugu zangu. Lina kimo cha kuku sasa, linazunguka nyumba hadi nyumba. Likipiga hodi kwenu, kofi msilipatie.