Ufito wa Kona

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, maana chombo huharibika lakini ujuzi hubaki na mwenyewe. Asiyeamini na amsikilize Bi Randa. Hata leo, mvi zimemjaa kichwani, akikumbushwa habari za kile kiwanda hukunja mikono ya gauni kana kwamba ugomvi ndio kwanza unaanza.

Kiwanda chao cha mashua, yeye na mdogo wa mumewe, kilikuwa ndani ya jumba la sinema lililozeeka. Viti vilikwisha kung'olewa, misumari ikihifadhiwa kwenye dirisha la tiketi, na kwenye ukuta wa kuonyeshea picha marehemu baba yake Bi Randa alichora mashua kwa mkaa, kwa ukubwa wake halisi. Njia ya kutokea ilikuwa ujia wenye kona moja. Hapo konani ulining'inia ufito wa baba, na mashua isiyouzidi ufito ule ilipita. Miaka yote walipima ufito, hawakupima kona.

Ufito huo ndio uliowaponza. Jumba lilinunuliwa na bwana mmoja mwenye tabasamu jembamba, naye akajenga kibanda cha mlinzi palepale konani. Walimwona mwashi kila siku, wakamsalimu, wakamwazima hata pima maji. Kisha bwana yule akawapa hadi Ijumaa wahame. Kitakachobaki ndani kingekuwa chake.

Ijumaa asubuhi waliisukuma mashua iliyoagizwa na shule ya ng'ambo ya mto. Wasipoifikisha, hakuna mteja ambaye angewaamini tena. Ikakwama konani.

"Pole, mama," alisema mwenye jumba. "Nilidhani mafundi hupima."

"Tumekwisha, shemeji," alinong'ona mdogo wa mumewe. "Twende tumwombe."

"Kaombe wewe. Mimi sina goti la kumpigia huyu."

Bi Randa aliirudisha mashua ndani, akautazama ukuta wa baba kwa muda, kisha akaagiza mbao mbili pana na msumeno. Katikati ya mashua alisimamisha viambaza viwili vya kukingama ubavu hadi ubavu, vikiachana upana wa kidole, akavikaza kwa parafujo na kuziba kila ufa. Halafu akapitisha msumeno kati yake, tangu ukingo hadi kuukata mkuku, uti wa chini wa mashua. Shemeji yake alitazama pembeni, machozi yakimlengalenga.

Jioni nusu ya kwanza ilipita konani. Ya pili ikafuata.

"Umeiharibu mwenyewe," alisema mwenye jumba.

"Sogea, baba, nipite. Kilichobaki ndani ni mkaa wa ukutani. Chukua, mimi nimeshaukariri."

Kwenye kiwanja cha wazi kando ya mto waliziunga nusu zile kwa bolti nane. Jumatatu mashua ilivuka mto na wanafunzi kumi na wawili, haikuingiza tone. Muda si muda wateja wakaanza kuulizia mashua za vipande viwili, na Bi Randa akaziunda hapohapo kiwanjani, chini ya mabati manne, bila kona wala ufito. Jumba alinyang'anywa, mikono alitoka nayo. Kweli, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.