Kivuli cha Mwenyekiti

Wapendwa, kulikuwa na mwenyekiti wa mtaa mmoja katikati ya jiji, mtaa wa mabati na saruji tupu, miti yake mitatu tu, kwenye uwanja wa shule. Mtu wa watu, tena mcha Mungu. Mwalimu wa shule ya pale aliwafundisha watoto kuthamini miti kwa mchezo: akipiga filimbi na kuita "Jua limewaka!", kila mtoto anakimbilia kivulini. Sharti kiwe kivuli cha kitu chenye uhai, ukuta hauhesabiki. Atakayebaki juani, kesho yake anamwagilia miche.

Mwenyekiti aliupenda mchezo ule hadi akaalika wageni wa manispaa waje kuutazama. Siku moja kabla, fundi wa maturubai akamwambia, "Mzee, turubai halienei hapa uwanjani. Hii miti mitatu ya mikungu imekaa vibaya."

"Ikateni," akajibu bila hata kujiuliza. "Mnataka wageni wakae wapi?"

Mnacheka? Ngojeni kwanza.

Kesho yake saa tano na nusu, wageni wametulia chini ya turubai, filimbi ikalia. Watoto arobaini wakatimua mbio kuelekea kule walikozoea, wakasimama ghafla. Visiki vitatu, bado vinatoka majimaji. Mwenyekiti alikuwa amesimama juani, kipaza sauti mkononi.

Binti mmoja mdogo akageuka, akamtazama, akaja mbio kujibanza nyuma yake.

"Unafanya nini, mjukuu wangu?"

"Babu, wewe una uhai. Usisogee."

Wakaja wote, wakasukumana nyuma ya mzee mmoja. Jasho lilimtiririka hadi machoni, hakuthubutu kuinua mguu. Na jua nalo likazidi kupanda.

"Babu," yule binti akasema, "kivuli chako kinaisha."

Mzee akatazama chini. Kilikuwa kimefika kwenye viatu.

Sasa niambieni, nani aliikata ile miti? Adui? Si yuleyule aliyewapenda watoto? Mimi mfano huu umenitisha, siwafichi. Tunawafundisha wanetu mema, halafu kwa mikono yetu tunawaondolea pa kuyatendea, ili wageni watusifu. Siku watakapokosa pa kukimbilia, watatukimbilia sisi. Mimi na wewe tutawafunika wangapi? Mkitoka hapa mchana huu, kabla hamjasalimiana, kila mmoja atazame miguuni pake.